Kumsomesha Mtoto wa Mwenzio

Zamani, elimu ya pwani hii ilipokuwa ikisomwa kwa ubao na kalamu ya tete, mtoto ambaye babake hakuwa na uwezo hakufukuzwa chuoni, bali mwalimu alimfundisha, jirani alimlisha, na mwenye nyumba au shamba, alipoona umri unamwendea, aliiweka wakfu sehemu ya milki yake ili mapato yake yaendelee kuwalea wasomaji baada ya yeye kuzikwa. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh zaidi ya karne moja iliyopita, umewapokea wanafunzi kutoka miji ya karibu na ya mbali, wakapata malazi, chakula na mwalimu kwa hisani ya waumini, na wengi wao wakarejea makwao kufundisha. Kwa hivyo ufadhili wa masomo si jambo lililoletwa kwetu na mashirika ya ng'ambo. Kigeni ni hii shule ya sasa, yenye karo na mitihani na miaka yake mingi. Na tulipoipokea shule hii tukaliacha nyuma jambo moja ambalo wazee walilifahamu vyema, nalo ni kwamba asomaye husomeshwa yeye mzima, pamoja na tumbo lake, malazi yake na mtu wa kumtazama, wala hailipwi ankara yake peke yake.

Hilo ndilo ninalotaka kulichungua, nikiisimamisha hoja yangu Timbwani, katika Likoni, kwa kuwa ni pahala ambapo haja ya wafadhili ni dhahiri, na hasara ya ufadhili wa nusu nayo ni dhahiri vilevile. Dai langu ni kwamba karo ikilipwa mtoto huingia darasani, lakini maisha yake hubadilishwa na mambo mengine mawili: jicho la yule aliyemteua, na uthabiti wa mkono uliomshika mpaka mwisho.

Timbwani ni wadi moja katika wadi tano za Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, na watu wake wengi huishi kwa riziki isiyo na mwezi wala mshahara: kibarua bandarini, bodaboda, uvuvi, kuwauzia wageni vitu ufukweni, mama anayekaanga viazi karai na mahamri alfajiri, na binti aliyekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani ili wadogo zake wasome. Feri haimtozi kitu mwenye kuvuka kwa miguu, na hiyo ni rehema kubwa kwa watu laki tatu hivi wanaovuka kila siku. Lakini ukishafika upande wa pili matatu ina nauli yake, asubuhi na jioni, na nauli hiyo haimo katika karatasi yoyote ya karo. Tena liko suala la ardhi. Katika sehemu nyingi za Kenya mzazi aliyebanwa na karo huuza ng'ombe, au hukodisha kipande cha shamba, au huiweka rehani hati yake. Katika Likoni maelfu ya jamaa waliishi miaka mingi bila ya hati, na lile shamba la Waitiki lenye ekari 930 halikuanza kutolewa hati kwa wakaazi wake ila Januari 2016. Mtu asiye na ng'ombe wala hati hana cha kuuza mtoto wake anapofaulu. Ana majirani tu.

Hapana budi kuikiri kazi iliyofanywa na serikali. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka 2008 serikali ikaanza kuyalipia mafunzo ya sekondari, mpaka kiwango kikafika shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Maelfu ya watoto ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani kwa sababu ya maamuzi hayo mawili, na hapana mfadhili yeyote, awe tajiri kiasi gani, angeweza kuyafanya hayo. Lakini fedha hizo mara nyingi huchelewa kufika shuleni, au hufika pungufu, na mwalimu mkuu, ambaye naye ana mpishi na muuza mahindi wanaomdai, huwageukia wazazi. Na kwa mtoto aliyeitwa shule ya bweni ya daraja ya juu, mwongozo wa karo wa mwaka 2018 ulimwekea mzazi shilingi 53,554 kwa mwaka, juu ya kile kinachotolewa na serikali.

Natamani kila mwenye kusema kwamba elimu siku hizi ni bure angeketi jioni moja barazani pamoja na mama aliyeshika barua ya mwanawe ya kuitwa shule. Ukurasa wa kwanza ni pongezi. Ukurasa wa pili ni karo na nambari ya akaunti ya benki. Kuanzia wa tatu ni orodha: sanduku la bati lenye kufuli mbili, godoro la kipimo maalumu, mablanketi mawili, shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa, ndoo yenye kifuniko, viatu vyeusi vya ngozi, raba za michezo, sare jozi mbili zinazonunuliwa shuleni penyewe na si kwengine, sweta, kamusi, Kurani au Biblia, vifaa vya hesabati, taulo, sabuni, na fedha za matumizi. Mama huisoma orodha hiyo kwa kidole, akiweka alama kwa vile vilivyomo nyumbani, na aghalabu alama hizo ni ndoo na Kurani. Nimemsikia zaidi ya mzazi mmoja akisema kwamba karo angeliweza kuiomba, kwa kuwa karo ina jina na watu huihurumia, lakini ni vipi mtu ataomba shuka? Hapo, katika shuka na viatu na nauli, ndipo watoto wengi wa Timbwani hupotelea, baada ya basari kupatikana na watu kudhani kazi imekwisha.

Mintarafu ya basari, nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 2003 hazina ya maendeleo ya maeneo bunge imekuwa ikitoa basari, na serikali za kaunti nazo zikafuata baada ya ugatuzi. Mzazi hujaza fomu, hutafuta sahihi ya chifu na muhuri wa imamu au padri, huambatisha cheti cha kifo ikiwa mtoto ni yatima, kisha hungoja. Na zinapotolewa, kwa kuwa waombaji ni wengi na kila mmoja lazima aonekane amepata, kila mtoto hukatiwa kipande ambacho mara nyingi hakitoshi muhula mmoja. Fauka ya hayo, mfuko wa umma huenda na mabishano ya wakubwa: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alipotoa waraka wa kuzizuia kaunti kulipa basari bila ya mapatano na serikali ya taifa, kwa hoja kwamba Katiba imeiachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, wala si sekondari, jambo hilo likaishia mahakamani, na wanafunzi wakati huo walikuwa wamekwisha fungua shule. Sisemi basari hazina faida. Nasema kwamba fedha iliyogawanywa ili imfikie kila mpiga kura haiwezi kumfikisha mtoto mmoja mwisho wa safari yake.

Sasa niyaendee yale ya jicho la kuteua, na hapa Mombasa ina kisa chake yenyewe ambacho hakuna mji unaoweza kutushinda kwacho. Ali Mazrui alizaliwa mjini humu tarehe 24 Februari 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye katika gazeti lake la Al-Islah aliwahimiza Waislamu wa pwani waishike elimu ya zama zao pasipo kuiachilia dini yao. Sheikh alifariki mwaka 1947, kijana akiwa na umri wa miaka 14. Ulipowadia mtihani wa Cambridge, mwana huyo wa mwanachuoni alipata daraja ya tatu, Makerere ikamkataa, naye akaingia kazi ndogo katika ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyofahamika kwa jina la MIOME. Kwa kipimo cha makaratasi, habari yake ilikuwa imekwisha. Kisha siku ya Maulidi akasimama kuhutubu, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Gavana Sir Philip Mitchell, ambaye aliyasikia maneno ya karani yule kijana akaona ndani yake kitu ambacho mtihani haukukiona. Ndipo ilipopatikana nafasi ya kusomeshwa Uingereza. Mwaka 1955 akawasili Huddersfield kuumaliza upya usomi wa sekondari. Mwaka 1960 akapata shahada Manchester, mwaka 1961 nyengine Columbia, na mwaka 1966 udaktari wa falsafa Oxford. Na kabla hata ya huo udaktari kukamilika, Makerere, ileile iliyomfungia mlango alipotaka kuwa mwanafunzi, ilikuwa imempa kiti cha uprofesa. Mwaka 1979 dunia ilimsikiliza katika mihadhara ya Reith ya BBC, na mwaka 1986 ikamtazama katika filamu zake juu ya urithi wa aina tatu wa Afrika.

Kuna mambo mawili ya kuzingatiwa katika kisa hiki, na watu hutaja moja tu. La kwanza ni kwamba kamati nyingi za ufadhili za leo, zenye kutaka alama za kiwango fulani kabla hata ya kumsikiliza mtoto, zingemkataa Ali Mazrui kama Makerere ilivyomkataa. La pili, na ndilo linalosahauliwa, ni kwamba hakufadhiliwa mwaka mmoja. Alisomeshwa kutoka sekondari mpaka juu kabisa, nafasi moja ikimkabidhi kwa nyengine, kwa miaka mingi, pasipo kuachwa katikati. Wala si haki kuificha bahati aliyokuwa nayo. Alikuwa na jina, alilelewa katika nyumba ya vitabu, na hata ile kazi ndogo aliyoipata ilikuwa katika taasisi iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza, taasisi ambayo baadaye ikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mtoto wa Timbwani aliyepata alama za katikati kwa sababu alikuwa akiuza karanga kwenye foleni ya feri baada ya masomo hana Maulidi yenye gavana. Anao mwalimu wa darasa, imamu, mzee wa kanisa na mwenye duka anayemwona akisoma chini ya taa ya kibanda. Na hao wasipoulizwa na wenye fedha, hapana atakayemtaja.

Ni kweli kwamba ushindani wa alama una heri yake. Wataalamu wa uchumi, akiwamo Michael Kremer aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliufuatilia mpango mmoja wa wasichana wa darasa la sita katika Busia ulioanza mwaka 2001, ambapo walioingia katika asilimia 15 ya juu walilipiwa shilingi 500 za shule na familia zikapewa shilingi 1,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili. Na waligundua kwamba alama zilipanda hata kwa wasichana ambao hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda, na walimu nao wakapunguza kukosa kazini. Fedha ndogo ya wachache iliwaamsha wengi. Kwa sababu hiyo sisemi alama zitupwe. Kamati ikiwa na nafasi tano, tatu na ziende kwa wenye alama, na mbili ziwekwe kwa watoto ambao watu wa mtaa wenyewe watasimama na kusema, huyu twamjua.

Wafadhili wa Ulaya na Marekani hupenda kuuliza kama fedha zao zinaleta faida yoyote, na jawabu lipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 juu ya watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba waliofadhiliwa utotoni walisoma kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu zaidi ya wenzao, na walipokuwa watu wazima walielekea zaidi kupata kazi ya mshahara. Katika Ghana, mwaka 2008, nafasi za ufadhili wa sekondari zilitolewa kwa kura, wanafunzi 682 wakapata miongoni mwa 2,064, na watafiti wakawafuata kwa miaka: wasichana waliopata walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, wakachelewa kuzaa, na wengi zaidi wakaendelea na elimu ya juu. Mtu aliyezoea hadithi za kuombea michango huenda akaona mwaka mmoja na nusu ni kidogo. Mimi naona ni kingi, kwa kuwa huo ni wastani, na ndani ya wastani wamo walioacha shule mwezi wa pili na wamo waliofika vyuo vikuu. Na mwaka mmoja na nusu katika Likoni waweza kuwa ndio tafauti kati ya kuacha shule kidato cha tatu na kuwa na cheti cha sekondari, ambacho hutakiwa na chuo cha uuguzi, jeshi la wanamaji la Mtongwe, na hata mlinzi wa lango bandarini.

Mifano mikubwa ya Kenya yafahamika. Ndege ya Tom Mboya ya mwaka 1959 iliwachukua wanafunzi 81 kuelekea Marekani, na mwaka uliofuata, kwa fedha zilizotokana na wakfu wa jamaa ya Kennedy, Wangari Maathai akaenda Kansas. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mtu mdogo. Hilde Back, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, aliyepata hifadhi Sweden hali wazazi wake wakiangamia chini ya Wanazi, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo mwenye mshahara wa kawaida, naye akatuma fedha chache kila muhula kwa mtoto mmoja wa Kiambu ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto huyo, Chris Mburu, alisoma sheria Nairobi kisha Harvard, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akaanzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa kijiji chake akauita kwa jina la mwanamke huyo, kisha ndipo akamtafuta na kumpata. Hilde Back hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni kwamba muhula ulipokuja, fedha ilikuja.

Kinyume cha uthabiti huo ndicho kilichowaharibu watoto wengi wa huku kwetu. Mgeni huja likizo katika fukwe za Shelly au Diani, hupendezwa na kijana mwenye adabu, humhamisha kutoka shule ya kutwa ya jirani hadi shule ya bweni ya kulipia, kisha baada ya miaka miwili hubadilisha kazi, au huoa, au huchoka, na barua hukoma. Kijana huyo sasa anadaiwa karo ambayo mzazi wake asingeliweza hata kuiota. Cheti chake huzuiliwa, ijapokuwa serikali imekwisha agiza mara nyingi kwamba vyeti visizuiliwe kwa ajili ya deni. Na kurudi shule ya kwanza huona haya. Huyu ameumizwa na hisani. Nawaambia waziwazi wanaotaka kusaidia: ikiwa huna yakini ya mwaka wa mwisho, usimtoe mtoto alipo, mnunulie sare, lipa chakula chake cha mchana na nauli, na umwache katika shule ambayo anaweza kuendelea nayo hata ukifa. Hata sare peke yake si jambo dogo. Katika magharibi ya Kenya wasichana waliopewa sare bure walipunguza kuacha shule na kuolewa mapema, ijapokuwa hapana kingine walichopewa.

Kwa wasichana pana haja nyengine ambayo wafadhili wa kiume huona haya kuitaja. Sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape sodo, lakini ugawaji wake umekuwa wa kusuasua, na msichana anayekosa siku kadhaa kila mwezi hubaki nyuma katika hesabati na kemia pasipo yeyote kujua sababu. Mfadhili asiyeweza kuzungumza na mwanafunzi wake juu ya hayo na amtafute shangazi mmoja wa mtaani atakayeweza. Kadhalika iko siku ya wazazi. Mtoto anayesomeshwa kwa fedha ya mbali hukaa chini ya mwembe akitazama wenzake wakifunguliwa vyakula, na mwalimu akimwita aliyekuja kwa ajili yake, hapana. Karo yake imelipwa yote. Lakini nani atauliza kwa nini alama za Kiingereza zimeshuka?

Swali la malipo nalo haliepukiki. Sadaka ya kweli haidai shukrani, na mtoto asiburutwe mbele ya kamera kila Desemba kumshukuru mtu. Lakini mfuko usiojazwa tena hukauka. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, katika mpango wake wa wanafunzi wa jamii za Kiislamu zilizo katika nchi zisizo wanachama, ulioanza mwaka 1983, iliuchukulia ufadhili kuwa ni karadha njema isiyo na riba: mwanafunzi akishapata kazi hulipa kidogo kidogo, na kinacholipwa hubaki kwa jamii yake kuwasomesha wengine. Tadbiri hiyo naiona bora kwa elimu ya juu, ambako mtu huwa amekomaa na anajua anachokichukua. Kwa mtoto wa sekondari, abadan, deni lisimfuate.

Na watu wa Timbwani hawana haja ya kungoja gavana wala mgeni. Zile shilingi 53,554 za mwongozo wa karo zikigawanywa kwa miezi 12 ni kama shilingi 4,463. Zikigawanywa tena kwa watu 20 ni shilingi 223 kwa mwezi kwa kila mmoja. Kikundi hicho kikiamua kutoa shilingi 400 kila mtu, kwa mwaka hukusanya shilingi 96,000, na baada ya karo hubaki 42,446, za sanduku, godoro, viatu, na nauli za mihula mitatu, na kitakachosalia huwekwa akiba ya mwaka unaofuata. Fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya shule, risiti zisomwe hadharani baada ya sala au ibada, watu wawili wapewe kazi ya kwenda siku ya wazazi, na mtoto wa pili asichukuliwe mpaka akiba ya wa kwanza iweze kumvusha mwaka mzima hata kama nusu ya wachangaji watakosa kazi bandarini mwaka huo.